Sketi za Getini

3 Februari

Mdogo wangu,

Kifurushi nimekichukua stendi leo asubuhi. Sketi zote zimefika, na harufu ya mafuta ya cherehani yako bado imo ndani. Nimezining'iniza kwenye kabati langu pale getini, zimejaa mpaka mlango unagoma kufunga. Umefanya vizuri kurefusha kamba za kiunoni, maana wanaokuja mahakamani ni wa kila umbo. Wiki iliyopita kuna mama ilibidi nimfunge sketi mbili, moja mbele na nyingine nyuma, akaenda kwenye kesi yake ya shamba akiwa kama hema linalotembea. Lakini aliingia, na kesi yake ikasikilizwa.

Uliniuliza kwenye simu, kabla hatujaanza kukatiana maneno kama ilivyo desturi yetu, kwa nini nahangaika na sketi za watu nisiowajua. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye barua unanisikiliza mpaka mwisho, hata ukiwa umenuna. Pale getini kuna tangazo la maandishi mekundu: hakuna kaptura, hakuna kandambili, hakuna mabega wazi, hakuna suruali kwa wanawake. Sikuliandika mimi. Kazi yangu ni kusimama chini yake. Mtu akija amekosea, kanuni inasema arudi alikotoka. Sasa aliyetoka mbali alfajiri, arudi wapi na kesi yake inaitwa saa hiyo hiyo? Ndiyo nikaanzisha kabati. Anaazima sketi, anaingia, akitoka ananirudishia. Na nilikuomba zote ziwe za rangi ya kahawia ili zisitembee. Ukikutana na moja sokoni unajua hii imenitoroka.

Usidhani naona kanuni hizi zimeshuka kutoka mbinguni. Nilipoanza kazi, mwanaume bila koti hapiti. Koti likaachwa, ikabaki tai. Tai nayo ikaachwa, hakuna aliyekuja kunieleza sababu, siku moja tu nikaambiwa waache wapite. Siku hizi vijana wanakuja na jinzi zilizochanika magotini. Wa kwanza nilimhurumia, nikamuuliza ameangukia wapi. Kumbe amenunua hivyo dukani.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Karani wa masjala ameniambia kesi ya mwanetu Chiriku imehamishiwa kwetu, itasikilizwa mwezi ujao. Najua moyo wako unavyokwenda mbio kila ukisikia baba mtoto anataka kumchukua mjukuu wetu. Na mimi ni hivyo hivyo. Mwambie asiogope, mama yake mkubwa yupo mlangoni.

Dada yako

---

11 Februari

Dada,

Mimi mzima. Hofu yangu ni wewe na hilo tangazo lenu jekundu.

Nimefurahi kesi kuja kwako, halafu nikaacha kufurahi, na nitakwambia kwa nini. Umesoma alichokiandika yule bwana kwenye maombi yake? Chiriku alikuja akanisomea hapa hapa kwenye meza ya kukatia. Hakusema mtoto analala na njaa. Hakusema anapigwa, wala kwamba haendi shule. Amesema mama yake ni fundi umeme, anapanda nguzo mbele ya kadamnasi akiwa amevaa suruali, na mtoto wa kike hafai kulelewa na mwanamke asiyejua kujistiri. Basi. Ndoa yao ilipokuwa nzima suruali hiyo hiyo ilikuwa inalipa kodi ya nyumba na yeye anaifua na kuianika. Leo imekuwa dhambi.

Kwa hiyo nimemshonea suti. Koti na suruali, kitambaa cha bluu iliyoiva, kizito kidogo, kisichong'aa. Suruali imenyooka kutoka kwenye paja mpaka chini, haibani popote, na koti linafunika nyonga. Nimeitia bitana, kitambaa cha ndani, mpaka kwenye magoti ili isikunjamane akikaa muda mrefu. Dada, nimeshona nguo za maharusi na sare za wakubwa, lakini sijashona kitu kwa moyo kama hiki. Alipoivaa akajitazama kwenye kioo akasema, "Mama, nikiivua suruali siku hiyo, nitakuwa nimekubali kwamba anachosema ni kweli." Nikamwambia hutaivua.

Ninachokuomba ni kidogo. Asubuhi hiyo moja, Chiriku akifika getini, geuka uangalie upande mwingine. Kohoa. Funga kamba ya kiatu. Wewe ndiye mwenye mlango.

Mdogo wako

---

18 Februari

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, nikaikunja, nikaifungua tena. Ningependa nikujibu unavyotaka, lakini siwezi.

Wewe unaona geti, unadhani nikimwachia apite basi amepita. Hujamwona hakimu wetu. Ni mtu mzima, mpole wa sauti, na ana tabia ya kuvua miwani yake akiona nguo asiyoipenda. Akishavua miwani, ameacha kusikiliza. Kuna mwalimu mmoja alipita siku niliyokuwa na homa, mwenzangu hakumkagua vizuri. Alikuwa na suruali. Hakimu aliahirisha kesi, akamwambia arudi akiwa amevaa kama anakuja mbele ya watu. Aliporudi, mume wake alikuwa amekwishaondoka na watoto kwenda kusikojulikana. Hili sikusimuliwa, huyo mwalimu alikaa kwenye kiti changu akilia mpaka tulipofunga.

Unakumbuka ile picha ya Mama ya ujanani, kigauni juu ya magoti, viatu vya soli nene, mkono kiunoni? Bibi alimwita majina yote kwa kile kigauni. Halafu Mama huyo huyo akaja kutufukuza mezani sisi kwa sababu magauni yetu hayafiki kwenye vifundo. Kila kizazi kina nguo yake ya kuogopa. Mimi sisemi hakimu ana haki. Nasema yeye ndiye mwenye kalamu, na siku hiyo Chiriku hahitaji kushinda mjadala wa suruali, anahitaji kutoka na mtoto wake.

Mshonee sketi kwa kitambaa hicho hicho. Nakuomba.

Dada yako

---

24 Februari

Dada,

Sketi sishoni. Suruali imekwishapigwa pasi, imening'inia mlangoni, na kila anayepita kwangu anaisifia.

Miaka yote unaniambia kazi yako ni kuwasaidia watu waingie. Huyu sasa ni wa kwako, na unaniambia arudi akabadilishe. Kama getini panahitaji mtu wa kusoma tangazo tu, wangeweza kuacha tangazo peke yake, wewe ukakae nyumbani upumzishe miguu.

Mdogo wako

---

10 Machi

Mdogo wangu,

Najua umekaa na simu mkononi tangu jana. Kila kitu kilikwenda sawa. Chiriku alifika mapema, amependeza, amenyoosha mgongo. Alisikilizwa, hakukatizwa. Hakimu amesema atasikiliza mashahidi mwezi ujao tarehe kumi na nne, baada ya hapo ndiyo atatoa uamuzi. Mpaka wakati huo mtoto anabaki kwa mama yake.

Mvua huku imeanza, viatu vyangu vyote vimeloa. Nisalimie majirani.

Dada yako

---

19 Machi

Dada,

Barua yako imekuwa fupi kama risiti. Wewe wa kuniandikia kurasa nzima kuhusu mtu aliyekuja na soksi mbili tofauti, leo kesi ya mwanetu unanimalizia kwa viatu kuloa?

Lakini nimefurahi, na nakuomba radhi kwa maneno ya barua iliyopita. Ulimwachia apite. Nilijua utamwachia. Sasa nieleze basi. Suruali ilikaaje alipokuwa ameketi? Koti halikupanda mabegani? Hakimu alivua miwani au hakuvua? Na yule bwana, alipomwona anaingia, uso ulimshukaje? Namuuliza Chiriku kwa simu, ananijibu, "Ilikuwa sawa, Mama." Mtoto tuliyempa jina la ndege kwa ajili ya mdomo wake, leo ananijibu kwa maneno matatu. Nadhani ni uchovu.

Nimeanza kumshonea suti nyingine, ya kijivu.

Mdogo wako

---

22 Machi

Mama Mkubwa, shikamoo.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Bado ninayo kidogo, lakini sasa naweza kuishika.

Mama hajui. Kila siku ananiuliza kwa simu suti ilikaaje, nami namwambia vizuri. Siwezi kumwambia kwamba hakuna aliyeiona, kwamba uliponiona getini ulitoa sketi kabatini ukanifunga juu ya suruali kwa mikono yako, ukaninong'oneza, "Nisamehe mwanangu, ni kwa ajili ya mtoto." Ningeweza kukataa. Nilikuangalia nikaona unatetemeka, nikanyamaza.

Nataka nikwambie kitu ambacho nadhani hukijui, kwa sababu wewe unafungua geti na unafunga geti, na kesi zikiendelea ndani wewe uko nje. Mle ndani sketi zako zina jina. Wanaziita sare ya getini. Nilipoingia kwenye korido, polisi alinitazama miguuni akasema, "Ninyi wa getini kaeni benchi lile." Kwenye benchi lile tulikuwa wanawake tu, wote wa kahawia, kama tumetoka gereza moja. Waliokuja na sketi zao walikaa upande wa pili. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu alikuwa anaifunika ya kwake kwa mkoba.

Tulipoitwa kwa hakimu, wakili wa baba mtoto hakunifungulia hata faili. Alisimama akasema, "Mheshimiwa, sina haja ya maneno mengi. Mahakama inajionea yenyewe kwamba mjibu maombi, hata siku ya kuja kuomba mtoto wake, ameshindwa kuvaa nguo inayostahili, imebidi aazimwe ya getini." Hakimu akanitazama kiunoni, kwenye zile kamba. Akavua miwani.

Mama Mkubwa, suruali ya Mama ningeweza kuitetea. Nilikuwa nimejiandaa. Hiyo sketi sikuwa na neno la kuisemea.

Nakupenda, na nimekwambia kwa sababu unaweza kuwa unaendelea kuwavisha wengine.

Mwanao,
Chiriku

---

29 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumanne, foleni ya asubuhi ilipokwisha, niliomba ruhusa, nikamwachia mwenzangu geti, nikaingia ndani nikakaa kwenye korido kama mtu mwenye kesi. Nilijiambia labda umetia chumvi kwa sababu ya uchungu.

Hukutia chumvi. Nimeliona benchi. Nimemsikia polisi, kijana mwenye adabu, ananiamkia kila asubuhi, akisema "wa getini kule" bila hata kuinua macho. Nimemwona msichana niliyemfunga sketi mwenyewe asubuhi hiyo, nikamtania acheke, anajaribu kuzikunja kamba ndani ya blauzi zisionekane. Akaniona. Akanitabasamia kwa heshima, maana anadhani nimemsaidia.

Nimefanya kazi hii mpaka miguu imevimba, nikirudi nyumbani nimeridhika kwamba leo hakuna aliyerudishwa. Sikuwahi kujiuliza wanaingia wakiwa kama nani. Nimeona aibu mpaka nikatoka kwa mlango wa nyuma, nisipite getini kwangu.

Tarehe kumi na nne unahitaji mashahidi. Mimi nitakuwa mmoja. Mwambie wakili wako aniandike. Najua watasema mimi ni ndugu, waseme. Mama yako nitamwandikia mwenyewe, usibebe hilo.

Mama yako mkubwa

---

6 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Siku mbili sikugusa cherehani. Wateja wanagonga, nawaambia umeme umekatika, na taa inawaka juu ya kichwa changu.

Nilikuwa na maneno ya kukutukana, nimeyapanga vizuri kabisa. Nimeyaacha kwa sababu kila nikiyaanza yanarudi kwangu. Ulizifunga wewe, lakini nani alizikata? Nani alizipiga pindo akiwa anaimba? Suti niliyomshonea binti yangu kwa moyo wote ilifunikwa na sketi niliyoishona mimi mwenyewe, harakaharaka, ishirini kwa mkupuo, kwa kitambaa cha mabaki. Hilo ndilo linaloniuma, Dada, na sijui nimlaumu nani.

Nimekasirika pia kwamba ulinidanganya. "Viatu vimeloa." Ungeniambia siku ile ile ningelia nikamaliza.

Sketi za kahawia sikushonei tena. Kama bado unazihitaji, na najua unazihitaji, nitakushonea kila moja na rangi yake: ya maua, ya mistari, nyeusi, nyekundu, nyembamba, pana, yenye zipu, yenye vifungo. Mtu akiingia nayo asijulikane kama ni yake au ni ya kuazima. Utaniambia zitaibiwa. Ziibiwe.

Na ndani ya kifurushi hiki utakuta sketi ya bluu, kitambaa cha suti ya Chiriku. Nimeishona jana. Nimemeza maneno yangu yote nikiishona. Mpe aivae tarehe kumi na nne, aonekane amekuja na ya kwake.

Mdogo wako

---

16 Aprili

Mama, shikamoo.

Najua Mama Mkubwa amekupigia simu na mmelia wote wawili, na kwamba hamkuelewana hata neno moja. Kwa hiyo mimi nakuandikia ilivyokuwa.

Kwanza, nisamehe. Sketi yako ya bluu sikuivaa. Niliishika, nikaipenda, nikairudisha kwenye mfuko. Walikwishaniona na ya kahawia. Ningekuja na nyingine wangesema sasa amefundishwa. Nikamwambia mlinzi wa zamu aliyekuwa getini, maana Mama Mkubwa siku hiyo ni shahidi, "Nipe ile ile." Nikaifunga mwenyewe juu ya suruali yako, fundo mbele, kila mtu alione.

Mama Mkubwa aliingia amevaa gauni lake la maziko, lile jeusi. Nilidhani ataogopa. Wakili wao akamuuliza, "Wewe ni nani wa mjibu maombi?" Akasema, "Mama yake mkubwa. Na ni mkaguzi wa mavazi wa mahakama hii. Uliza upande unaoutaka." Nilimwona karani anainama ili acheke.

Wakili wetu akamtaka aeleze siku ya kwanza nilikuja nimevaa nini. Mama, ungekuwepo. Alieleza suti yako kama anaisoma: kitambaa, urefu wa koti, jinsi suruali isivyobana, bitana, hata vifungo. Akasema tangu awekwe pale getini hajamwona mtu, mwanaume wala mwanamke, aliyekuja amejiandaa kuiheshimu mahakama kama mimi siku ile.

Hakimu akamuuliza, "Kama alikuwa amevaa kwa heshima, kwa nini ulimpa sketi?"

Akasema, "Kwa sababu ya tangazo, Mheshimiwa. Na kwa sababu nilikuogopa wewe."

Hakimu hakukasirika. Aliuliza, "Alibisha?"

"Hakubisha. Alinyamaza, nikamfunga."

Karani akaandika. Hakimu akasema inatosha, shahidi ashuke.

Baada ya hapo alikuja mwalimu wa mtoto, akaeleza anavyokuja amechana nywele na amefanya kazi za nyumbani. Akaja msimamizi wangu wa kazi, akasema mimi ndiye ninayetumwa kwenye nguzo ngumu, na kwamba hakuna anayepanda nguzo na gauni, awe mama wa nani. Baba mtoto aliinamisha kichwa muda wote. Kuna wakati nilimhurumia, halafu nikajikumbusha anachokiomba.

Uamuzi ni tarehe saba mwezi wa tano. Mtoto anauliza kwa nini siku hizi namkumbatia mpaka anakosa pumzi.

Mwanao,
Chiriku

---

8 Mei

Mdogo wangu,

Simu yako ilikuwa imezimwa jana, na Chiriku amesema amekutumia ujumbe, kwa hiyo unajua kubwa lenyewe: mtoto anabaki kwa mama yake. Baba yake atamwona mwisho wa wiki. Hakuna wa kumchukua tena. Nililia kwenye korido bila kujali nani ananiona, yule polisi kijana akaniletea maji.

Lakini kuna ambalo Chiriku hatakwambia, na nilikwishakuapia kwamba sikufichi tena.

Hakimu alisoma uamuzi wake polepole. Aliyazungumza ya mwalimu, akayazungumza ya kazi, akasema kupanda nguzo si kosa. Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, nikasema moyoni, leo ameelewa. Halafu akafika kwenye ushahidi wangu. Suti yako hakuitaja. Bitana, koti, maneno yangu yote kuhusu heshima, hakuna hata moja. Alisema hivi, nimemwomba karani anisomee tena ili nisikosee: "Mahakama imezingatia kwamba mjibu maombi, ingawa alifika na vazi lisiloruhusiwa, alipopewa sketi getini aliipokea bila ubishi. Hilo limeionyesha mahakama kwamba ni mama msikivu, anayekubali kurekebishwa, na mtoto wa kike atajifunza mema kwake."

Umeelewa, mdogo wangu? Nilipanda kule kuitetea suruali, nikashuka nimempa hakimu sketi. Kunyamaza kwake siku ile, ambako mimi na wewe tunajua kulikuwa kwa uchungu na kwa kunionea huruma mimi ninayetetemeka, kumeandikwa kuwa ni utii. Na ndiko kulikompa Chiriku mtoto. Au pengine siko, pengine ni mwalimu, pengine ni yule msimamizi wake. Sitajua kamwe. Kama angepita na suti yako siku ile, hakimu angevua miwani, au labda asingevua. Nimezunguka na hili tangu jana na sipati pa kulitua.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa utawala nikamwambia tangazo libadilishwe, suruali ziruhusiwe, nami niko tayari kueleza sababu mbele ya yeyote. Alinisikiliza. Akasema, "Lakini mama, sketi zako zinasaidia, hata hakimu amezisifia." Nimemwambia nitarudi wiki ijayo, na nitarudi.

Jana baada ya uamuzi nilimkuta Chiriku kwenye ngazi za nje, mtoto amelala begani kwake. Sketi ya kahawia ilikuwa imekunjwa vizuri mkononi, anairudisha. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale maneno ya hakimu, kwa sababu mimi ndiye niliyeyapeleka mle ndani, lakini aliniwahi. Akaniangalia akasema, "Mama Mkubwa, mimi mtoto nimempata. Maneno wabaki nayo."

Akashuka ngazi na suti yako, akaenda zake.

Yeye ameweza kuyaacha pale. Mimi nimerudi nayo nyumbani. Wewe ulisema suruali, mimi nikasema sketi, na sasa imeandikwa na kupigwa muhuri kwamba sketi ndiyo iliyofaa. Nimekushinda, mdogo wangu. Tangu tuzaliwe tunabishana, na sijawahi kutamani kushindwa na wewe kama ninavyotamani leo.

Dada yako